Orodha ya Biliqo na Mashine Iliyozimika Ghafla

Mliponiaga wiki iliyopita mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa bado najiuliza kwa nini mtu ambaye sasa hana mahali pa kuwahi ndiye anayepewa saa. Mliniomba pia niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ofisini, hasa kuhusu kompyuta, kwa sababu wengi wenu mliikuta imeshakaa kwenye chumba chake na kitambaa chake juu. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Niliingia ofisi ya mifugo hapa Isiolo mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa karani wa masjala. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Guyo, Mborana mwembamba aliyekuwa mkuu wa chumba hicho. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Aliniangalia, akaniuliza kama naweza kusoma mwandiko mbaya.

"Naweza," nikasema.

"Basi hii ofisi imekuajiri mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa barua tu."

Masjala ilikuwa na makabati manne ya chuma. Kila mfugaji aliyechanjisha ng'ombe alikuwa na kadi, na kila kadi ilikuwa na namba. Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa lenye majina, na mbele ya kila jina namba ya kadi yake. Ukitaka kadi ya mtu, unaanza kwa daftari, unapata namba, unaenda kwenye droo. Rahisi kabisa, mradi daftari na droo viwe vinasema kitu kimoja. Havikusema kitu kimoja hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tulikagua. Mzee Guyo alikaa na daftari, mimi nikasimama kwenye droo. Alisoma namba, nami nikajibu "ipo" au "haipo". Tulipomaliza tuligeuza kazi: nilitoa kadi moja moja na yeye akatafuta kama imeandikwa daftarini. Hapo ndipo zilipotokea kadi ambazo daftari halikuzijua. Mara ya kwanza nilishika moja nikaielekeza kwenye kikapu cha takataka. Sijawahi kumwona mzee yule akiinuka haraka namna ile.

"Binti, unatupa nini?"

"Haina jina kwa daftari, Mzee."

"Lakini ng'ombe iko ndani! Soma. Kumi na nne, na ndama tatu. Hii si takataka, hii ni mtu amepotea njia ya kwake."

Kadi kama hizo aliziweka kwenye boksi la biskuti dirishani, kila moja ikiwa na namba yake, mpaka mwenyewe ajulikane. Nyingine zilikaa humo mwaka mzima. Nilikuwa namwona mzee wa mambo madogo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilijua mambo mengi sana wakati huo.

Kompyuta ilikuja katikati ya miaka ya themanini, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo. Mradi mpya ulikuwa unawarudishia mbuzi wachache wafugaji waliobaki mikono mitupu, ili waanze tena, na wakubwa wa Nairobi waliamua kwamba orodha za majina ziwekwe kwenye mashine. Ililetwa kwa Landrova, imefungwa kwa magodoro mawili. Pamoja nayo alikuja fundi kijana aliyeitwa Muturi. Alikuwa na adabu na haraka nyingi, na alikuwa na siku tatu tu za kunifundisha. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nilipiga taipu vizuri, na kwa sababu Mzee Guyo alikataa.

"Mimi nitabaki na daftari," alisema. "Hiyo ikikufa, mtanitafuta."

Mashine ilitumia mfumo wa Unix. Msiogope neno hilo. Maana yake kwenu ni kwamba inawaelewa mkiandika amri fupi, na haiwasamehe mkikosea herufi. Siku ya tatu Muturi aliniandikia ukurasa mmoja wa maagizo, tukaubandika ukutani. La mwisho ndilo alilolipigia mstari mwekundu mara mbili: kabla ya kuzima, andika sync, mara tatu, kila moja kwa mstari wake.

"Kwa nini mara tatu?" nikauliza.

"Madam, hata mimi nilifundishwa hivyo. Ya kwanza ndiyo inafanya kazi. Zile zingine ni za kukupa muda wa kungoja."

Nilimwelewa vizuri. Hapa kwetu hakuna anayeuliza amani ya mtu mara moja tu halafu akaingia kwenye maneno yake. Unauliza yeye, unauliza watoto, unauliza mifugo, ndipo unakaa. Ikawa desturi yangu. Jioni niliiaga mashine mara tatu, nikaizima, nikaifunika.

Sasa niwaeleze sync ni nini, kwa sababu kisa chenyewe kimekaa hapo. Kompyuta haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Mengine hukaa nayo kichwani kwa muda, kama Mzee Guyo alipokuwa akirudi kutoka bomani na namba kumi kichwani kabla hajafika kwenye daftari. Sync ni kumwambia: keti, andika ulichonacho kichwani. Stima ikipotea kabla hajaandika, daftari na droo havipatani. Faili lipo kwenye diski, lakini jina lake halimo kwenye orodha. Au orodha ina jina, na ukienda kwenye droo hukuti kitu. Au, na hii ndiyo mbaya, diski inadhani sehemu fulani ni tupu, inaweza kuandikwa kitu kipya, kumbe ina maneno ya mtu.

Kwa ajili hiyo kuna programu ya ukaguzi iitwayo fsck. Nilipoisoma kwenye kitabu nilicheka peke yangu, kwa sababu ilikuwa ni masjala yetu kabisa. Inapita kwa hatua tano. Kwanza inaangalia kila kadi na sehemu za diski inazodai. Halafu majina. Halafu kama kila saraka, yaani droo ya mafaili, imeunganishwa na nyingine hadi juu. Halafu inahesabu kama kila faili limetajwa mara zinazotakiwa. Mwisho inakagua orodha ya nafasi tupu. Ikikuta faili lisilo na jina, inauliza kama ilirudishe, na ukikubali inaliweka kwenye saraka maalumu ya vilivyopotea, likiwa na namba yake tu badala ya jina. Nilimwonyesha Mzee Guyo.

"Kwa hivyo wazungu pia wako na boksi ya biskuti," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Alinipa jambo moja la maana siku hiyo. Alinishauri kila jioni niandike kwenye daftari la shule majina ya mafaili na namba zake, kwa kalamu, nje ya mashine. Nilifanya hivyo ili kumridhisha. Fanyeni hivyo ninyi pia, na msingoje kumridhisha mtu.

Basi, kisa chenyewe. Wafugaji wa kijiji cha Biliqo walikuwa wameandikishwa na makarani wetu wawili, nami nikawaingiza kwenye mashine kwa siku sita, kila familia na mstari wake. Fomu za karatasi zilichukuliwa na lori kwenda Nairobi, na barua ya kwenda na kurudi ilikuwa wiki mbili na zaidi. Mbuzi walikuwa tayari kwenye boma la mradi. Lori la kuwapeleka Biliqo lingeondoka Alhamisi. Kanuni ya kamati ya mradi ilikuwa moja: anayepewa ni yule aliye kwenye orodha iliyochapwa, na mbuzi wakiisha hakuna ahadi ya wengine.

Jumanne asubuhi alikuja mama mmoja wa Biliqo, Dabo, mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa ameomba nafasi juu ya magunia kwenye lori la chumvi ili aje kuuliza swali moja.

"Salaam aleikum. Wewe ndiyo mama wa mashine?"

"Aleikum salaam. Ndiyo mimi. Karibu kiti."

"Mimi hapana kuja kukaa. Nataka jua, jina yangu iko ndani?"

"Iko, mama. Nimeiandika mimi mwenyewe."

"Nionyeshe."

Nikafungua faili. Nilikuwa nimeanza kusogeza majina, hata sijafika kwake, stima ikapotea. Skrini ikawa nyeusi. Feni ikanyamaza.

Dabo alitazama skrini, akanitazama mimi. "Imekufa?"

"Imelala. Ngoja kidogo."

"Na jina yangu imelala nayo?"

Stima ilirudi baada ya saa moja. Niliwasha, nikaendesha ukaguzi. Hatua ya nne ikasimama na kuuliza: kuna faili lisilo na jina, namba 731, mwenyewe ni mimi, ukubwa wake kadhaa, nilirudishe? Nikafungua daftari langu la shule. Namba 731 ilikuwa orodha ya Biliqo. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeihamisha kutoka saraka moja hadi nyingine, na asubuhi ile nilikuwa narekebisha makosa madogo ya tahajia. Nikajibu ndiyo. Hatua ya tano ikasema orodha ya nafasi tupu ni mbovu, niirekebishe? Ndiyo. Ukaguzi ukaisha. Nilikuwa nimeshinda, mjane amekaa nyuma yangu, na jasho limenikauka mgongoni.

Kwenye skrini kulikuwa na mstari wa mwisho kati ya nyota nyingi, ukisema niwashe mashine upya bila sync. Niliuona. Nawaambia ukweli, niliusoma. Lakini mikono yangu ilikuwa na adabu yake. Nilikuwa nataka kuzima, na mtu mstaarabu haondoki bila kuaga. Nikaandika sync. Mara tatu.

Fikirini hivi. Mzee Guyo ametoka na namba za zamani kichwani. Nyuma yake mtu mwingine amefungua daftari na kulisahihisha vizuri, mstari kwa mstari. Kisha mimi namwita Mzee na kumwambia: keti, andika ulichonacho kichwani. Naye, kwa uaminifu wote, anaandika makosa ya zamani juu ya yaliyosahihishwa. Ndivyo nilivyofanya. Orodha ya nafasi tupu ikarudi kuwa mbovu, na mashine haikusema neno.

Niliwasha tena. Orodha ilikuwepo kwenye saraka ya vilivyopotea. Nikairudishia jina lake, nikamshika Dabo mkono, nikaituma kwa printa. Printa kabla ya kuchapa huandika nakala yake kwanza kwenye diski, mahali palipo wazi. Na diski ilikuwa inadhani katikati ya orodha ya Biliqo ndipo palipo wazi.

Karatasi zikatoka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Ukurasa wa tatu, chini ya jina la Halake, yalianza majina ambayo nilikuwa nimeyaona dakika moja iliyopita. Yalikuwa yale ya ukurasa wa kwanza, mistari tisa, halafu orodha ikaendelea na Galgalo kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Nilitafuta Dabo juu hadi chini. Hakuwepo.

"Soma yangu," akasema.

Nikamwambia mashine imekula majina tisa na lake ni moja, na kwamba kosa ni langu, si la stima. Hakulia. Alijifunga kitenge vizuri.

"Watoto yangu wanne watakula nini, kama mashine inakula majina?"

Nilikwenda posta nikaomba simu ya Nairobi. Muturi alipatikana baada ya kungoja sana.

"Madam, ulifuata maagizo?"

"Yote. Hata sync mara tatu."

Akauliza polepole: "Baada ya ukaguzi?"

"Uliandika kabla ya kuzima. Umepiga mstari mwekundu mara mbili."

"Kila siku isipokuwa siku ya ukaguzi," akasema. "Hilo sikuandika. Pole, Madam. Hilo ni langu."

Naliweka hapa kwa heshima yake, kwa sababu si mafundi wengi wanaosema hivyo. Akanieleza la kufanya. Nisiandike kitu chochote kipya. Niendeshe ukaguzi tena, nao utakuta sehemu moja inayodaiwa na mafaili mawili, orodha yangu na nakala ya printa, na utataka kufuta yote mawili. Nikatae kwa orodha, nikubali kwa nakala. Kisha nirekebishe nafasi tupu, na safari hii nibonyeze kitufe cha kuanzisha upya bila kuaga.

"Na yale majina tisa?"

"Juu ya hayo yameandikwa mengine. Hayarudi."

Nilifanya yote. Kila swali la mashine nililiandika kwenye karatasi kabla ya kulijibu. Kuna njia ya kuiambia programu ijijibu ndiyo kwa kila kitu; siku ile ningeitumia ingefuta Biliqo nzima, kwa adabu kabisa. Nikachapa upya. Orodha ilikuwa salama, na katikati yake kulikuwa na ile mistari tisa ya watu wa ukurasa wa kwanza. Nakala ya akiba, niliyokuwa nikiiweka kwenye diski laini nje ya mashine, ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kabla Biliqo haijaandikwa. Hilo nalo ni langu.

Ndipo nikampelekea Mzee Guyo karatasi, Dabo akinifuata. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alisoma ukurasa wa tatu, akavua miwani.

"Hawa waliandikiwa wapi? Kwa duka ama kwa kisima?"

"Kwa kisima. Makarani walisema watu walikataa kupanga foleni dukani."

"Bila shaka walikataa! Nani atakaa nyuma ya nani? Kwa kisima hakuna swali. Kila mtu ana zamu yake ya kunywesha, na iko mtu anasimamia. Waliandikwa vile wananywesha." Akamgeukia Dabo kwa Kiborana, wakasemezana. Dabo akahesabu kwa vidole, akasimama kwenye cha tano na kukishika.

"Anasema anajua wanne wa mbele na wanne wa nyuma," Mzee akasema. "Lakini yeye pekee haitoshi kwa kamati. Anataka mbuzi, atasema nini kingine? Uliza kisima yote."

Mwenyekiti wa kamati hakupenda. Alisema kanuni ni karatasi. Nikamwambia karatasi ninayo, ina tundu moja, na tundu hilo ninaweza kumwonyesha linapoanzia na linapoishia. Si kwamba nataka kuongeza watu. Kati ya Halake na Galgalo kuna nafasi ya watu tisa, hawazidi na hawapungui. Akasema basi niende mwenyewe na lori nikajieleze mbele ya watu. Nadhani alidhani nitakataa.

Alhamisi nilikwenda, nimekaa mbele na dereva, Mzee Guyo kati yetu, Dabo nyuma karibu na mbuzi; mwenyekiti alikuwa ametangulia kwa Landrova. Biliqo watu walikuwa wameshakusanyika kando ya kisima. Nilisimama nikawaeleza kosa langu, Mzee akatafsiri, na kwa namna wazee walivyocheka nilijua ameongeza ya kwake kuhusu mama anayeaga mashine mara tatu.

Kisha nikafanya ukaguzi wa mwisho wa kazi yangu yote, na sikuwa na skrini. Kwanza Mzee alimpeleka msimamizi wa zamu pembeni, akamtaka ataje waliomfuata Halake, mmoja mmoja, nami nikaandika. Halafu tukamwita Galgalo peke yake, tukamtaka aanze kwake arudi nyuma. Alihesabu kwa fimbo mchangani. Majina manane yalilingana moja kwa moja. Moja halikulingana: msimamizi alitaja baba wa familia moja, Galgalo akataja mtoto wa kiume wa baba huyo. Kukatokea kelele, kila mtu akisema.

"Baba alikufa mwezi wa jana!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Hata nyinyi mlikuwa kwa mazishi!"

"Basi ni mtoto," msimamizi akasema, amejishika kichwa. "Mimi nataja vile nimezoea."

Nikamwambia asijali, ninaijua sana hali hiyo.

Majina yakawa tisa. Mwenyekiti alihesabu mara mbili, akatia sahihi chini ya mwandiko wangu, na wazee wawili wakaweka vidole gumba. Wakaanza kuita watu. Mbuzi walishushwa mmoja mmoja, wakipiga kelele, wakitafuta upande wa kukimbilia.

Zamu ya Dabo ilipofika hakwenda kwa mbuzi. Alikuja kwangu.

"Nionyeshe."

Hakujua kusoma. Nikaweka kidole kwenye jina lake, la tano, kwa kalamu ya bluu. Akaweka chake pale pale, kisha akakisogeza juu mstari mmoja.

"Hapa ni nani?"

Nikamsomea. Akarudi kwenye mstari wake, akashuka chini mmoja.

"Na hapa?"

Nikamsomea huyo pia. Aligeuza macho kwenye umati hadi akawapata wote wawili, mmoja huku na mmoja kule.

"Iko sawa," akasema, akaenda kushika mbuzi zake.